Unataka kuzindua riwaya? Kabla hujalipia ukumbi, tujadili nani atakayeisoma

Meza ya Vitabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Napokea sana ujumbe wa faragha kutoka kwa waandishi wa humu, na karibu wote wanauliza jambo lilelile: "Riwaya yangu iko tayari, naomba ushauri wa uzinduzi." Nikiuliza wamepanga nini, natajiwa ukumbi, mgeni rasmi, mshereheshaji, keki yenye picha ya jalada. Nikiuliza kesho yake kitabu kitapatikana wapi na kwa bei gani, jibu halipo. Nimeona bora nifungue uzi tujadiliane wote, wenye uzoefu waongeze.

Mimi nauza vitabu. Nimekaa kwenye meza za vitabu katika uzinduzi, maonesho, makongamano ya Kiswahili, mahafali, hata misiba ya waandishi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uzinduzi wa ukumbini unampatia mwandishi wageni. Wasomaji wanatafutwa kwa njia nyingine, na njia hiyo inaanza miezi kadhaa kabla.

Utaratibu wa ukumbini mnaujua. Nakala zimefungwa kwa karatasi ya zawadi, zimelazwa kwenye sinia lenye utepe. Itifaki inazingatiwa. Mgeni rasmi anakata utepe, anainua kitabu juu, picha zinapigwa. Kisha kinakuja kipindi cha kuchangia: mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa milioni, mkurugenzi fulani kwa laki tano, shangazi yake mwandishi kwa elfu hamsini. Fedha hiyo inasaidia, wapo walioitumia kumalizia deni la kiwanda cha uchapaji, na sitamzuia mtu kuipokea. Lakini aliyetoa laki tano amemheshimu mwandishi au amemheshimu mgeni rasmi. Kitabu kinaingia kwenye droo ya ofisi kikiwa bado na utepe wake. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba zinatolewa hotuba ndefu, kwaya inaimba, watu wanakula, wanaondoka, na hakuna hata ukurasa mmoja wa riwaya uliosomwa mbele yao. Watu wamekuja kwenye sherehe ya hadithi wakarudi nyumbani bila kuisikia hadithi yenyewe.

Sasa mwangalieni mnunuzi wa kweli, yule asiyemjua mwandishi. Anakishika kitabu. Anakigeuza, anasoma maneno ya jalada la nyuma. Anafungua ukurasa wa kwanza, midomo inacheza kidogo. Akifika chini akafunua ukurasa wa pili, mimi nanyamaza kabisa, sitaji bei wala punguzo, kwa sababu hapo kitabu chenyewe ndicho kinachoongea. Akirudi kwenye jalada kuangalia picha ya mwandishi, najua anakiweka chini. Kazi yote ya kutangaza riwaya iko hapo: kumfikisha mtu asiyekujua kwenye ukurasa wa pili.

Karibuni.

Kalamu ya Uyole

Mkuu, mimi ni mmoja wa waliokutumia ujumbe, na nashukuru umeleta hapa. Riwaya yangu ya kwanza inatoka kiwandani mwezi ujao. Nina swali moja linanisumbua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikianza kuzunguka na kitabu mkononi, kwenye maofisi na vijiweni, si nitakuwa nakishusha hadhi mwenyewe? Mwandishi mkubwa naona anakaa kimya, watu wanamfuata.

Meza ya Vitabu

Kaka, kizuri chajiuza kikiwa sokoni, mahali watu wanakiona na kukishika. Riwaya iliyo kwenye boksi chini ya kitanda haijafika sokoni bado, iwe nzuri au mbaya.

Na kuhusu waandishi wakubwa kukaa kimya, ngoja nikupe mfano wa mkubwa kweli, aliyepita njia zote mbili ndani ya miaka mitatu.

Julai 1977, jijini Nairobi, mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alizindua riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood. Mgeni rasmi alikuwa Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha. Ukumbi wa jiji, waziri, waandishi wa habari, kila kitu kilikuwepo. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo polisi walimchukua Ngũgĩ nyumbani kwake Limuru usiku, akakaa kizuizini gereza la Kamĩtĩ karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Kilichowaudhi wakubwa zaidi ni ule mchezo wa jukwaani alioshiriki kuuandika, Ngaahika Ndeenda, uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ kwa Kigĩkũyũ, lugha yao wenyewe. Waziri aliyekuwa mgeni rasmi wa riwaya ya Kiingereza hakuwa kinga ya chochote.

Akiwa kizuizini aliandika riwaya kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Caitaani Mutharaba-inĩ ilitoka 1980 kwa Heinemann ya Nairobi, chini ya mhariri Henry Chakava, ambaye alitishiwa maisha na kushambuliwa kwa panga kwa sababu ya kazi hiyo. Wachapishaji walipiga nakala 5,000, wakitarajia ziwatoshe kwa miaka kadhaa. Ndani ya mwezi wa kwanza wakalazimika kupiga 5,000 nyingine, na kabla mwaka haujaisha 5,000 tena.

Zilikwendaje? Ngũgĩ mwenyewe amelieleza hili katika kitabu chake Decolonising the Mind. Kitabu kilisomwa kwa sauti. Familia zilikaa jioni, mmoja anayejua kusoma akawasomea wengine wote. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Kilisomwa kwenye mabasi, kilisomwa kwenye teksi, kilisomwa kwenye vilabu vya pombe. Huko vilabuni msomaji akifika mahali patamu, na glasi yake imekauka, anakilaza kitabu mezani. Wasikilizaji wanapiga kelele aongezewe bia ili aendelee. Akimaliza hiyo, analaza tena.

Tazama kilichotokea hapo. Hakuna aliyeombwa kumsaidia mwandishi. Watu walilipa kwa sababu walitaka kujua kinachofuata. Riwaya hiyo baadaye ikatafsiriwa kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, 1982. Na ilipotoka riwaya yake Matigari mwaka 1986 habari zake zilienea vijijini watu wakimzungumzia Matigari kana kwamba ni mtu halisi anayezunguka nchi akiuliza maswali, mpaka serikali ikataka akamatwe. Walipogundua ni mhusika wa kwenye kitabu wakaenda kukikamata kitabu, Februari 1987.

Kwa hiyo kusoma mbele za watu hakumshushi mwandishi hadhi. Hiyo ndiyo njia yetu ya zamani ya kuzisambaza hadithi, na bado inafanya kazi.

Binti Pangani

Naunga mkono, na naomba niongeze kutoka upande wetu sisi wa simulizi za mtandaoni, maana waandishi wa vitabu mara nyingi wanatudharau.

Mimi naandika simulizi Facebook. Natoa sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, sehemu moja kila siku, saa tatu usiku, watu wakiwa wametulia nyumbani. Chini naandika ITAENDELEA. Kuanzia ya kumi na moja anayetaka analipia kwa simu, namuingiza kwenye kundi la WhatsApp, anapata zote mpaka mwisho. Bei ni ndogo, haizidi ya soda mbili. Lakini wanaolipa hawanijui sura, hawajawahi kuniona, wengine wako Oman na Saudia wanafanya kazi za ndani, wananitumia ujumbe usiku wa manane: "Dada, Zubeda alifungua ule mlango au hakufungua?"

Bia ya kwenye klabu ndiyo hii miamala yetu ya simu. Tofauti yake glasi hauioni.

Ninachotaka kuuliza, dada zangu na kaka zangu: huyu anayelipa elfu mbili kusoma kwenye simu, atakubali kulipa elfu kumi na tano kwa kitabu cha karatasi? Nina riwaya nataka niitoe kitabu na naogopa.

Meza ya Vitabu

Dada, kwanza heshima yako. Watu wa simulizi mnaijua kazi hii kuliko maprofesa wengi, kwa sababu msomaji wenu anaondoka papo hapo akichoka na mnamuona akiondoka.

Si wote watakaovuka kutoka simu kwenda karatasi. Lakini wale wanaokutumia ujumbe usiku wa manane, hao watavuka, kwa sharti kwamba kitabu kiwe na kitu ambacho kundi la WhatsApp halina. Saini yako na jina la msomaji limeandikwa kwa mkono. Sura ambayo haikuwahi kuwekwa mtandaoni. Hadithi iliyohaririwa vizuri, maana huko mtandaoni tunasameheana makosa ya tahajia lakini kwenye karatasi hayasameheki. Usichapishe ileile waliyokwisha kuisoma neno kwa neno ukadai elfu kumi na tano. Watakuhesabu umewatoza mara mbili.

Na uwaulize kabla hujaenda kiwandani. Andika kwenye kundi: kitabu kitakuwa bei fulani, anayekihitaji alipie nusu sasa. Wakilipia watu themanini, umejua mtaji unaanzia wapi. Wakilipia saba, umejua pia, na hujaingia hasara bado.

Msiitupe historia hii, wakuu. Watoto wa miaka ya sabini na themanini mnakumbuka riwaya za kipelelezi za akina Elvis Musiba, Eddie Ganzel, Hammie Rajab, Ben Mtobwa. Kitabu kimoja cha Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba, kilipita mikono ya bweni zima, jalada likaanguka, kikashonwa kwa uzi. Hao walikuwa na wasomaji wasiolazimishwa na mtihani. Simulizi za simu zimewarithi wasomaji wale.

Mwalimu wa Changamwe

Salaam kutoka Mombasa. Hapo kwenye mtihani ndipo nataka kuingia, ndugu zangu.

Huku Kenya ndoto ya mwandishi wa riwaya ya Kiswahili ni moja, kitabu kiteuliwe kuwa cha kutahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilisomwa na kizazi kizima. Kidagaa Kimemwozea vilevile. Ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na sasa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kikiteuliwa, mwandishi amepona, kwa miaka kadhaa kila mwanafunzi wa sekondari anakihitaji.

Mimi hufundisha vitabu hivi na navipenda kwa dhati. Lakini naona madhara yake pia. Mwanafunzi akimaliza karatasi ya fasihi anakitupa kitabu, hataki kukiona tena, maana amekisoma kwa kutafuta maudhui, mbinu za uandishi na sifa za wahusika. Na mwandishi anayesubiri kuteuliwa hujifunga mwenyewe. Huondoa mapenzi, huondoa matusi, huondoa siasa, huongeza mawaidha. Riwaya inatoka imenyooka kama sare ya shule. Nimeshasoma miswada ya rafiki zangu walioiharibu hivyo kwa mikono yao.

Kwa wasioandikia mtihani, Nairobi kuna njia. Maonyesho ya vitabu ya kimataifa ya Nairobi hufanyika Septemba pale Sarit Centre, na duka la Nuria limejenga jina kwa kuwapokea waandishi waliojichapishia wenyewe. Muwe na msimbo pau na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, tu, msije mikono mitupu.

Meza ya Vitabu

Mwalimu, ahsante, na huku kwetu ni yaleyale. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka Mkuki na Nyota mwaka 1999, wengi tumeijulia kidato cha tano na sita. Ila ile riwaya ina nguvu iliyoivusha darasani. Amil Shivji alipoifanya filamu na ikaoneshwa Toronto Septemba 2021, watu waliokuwa wameifungia kwenye daftari la notsi walikuja mezani kwangu kuitafuta upya. Dada mmoja aliniambia, shuleni niliisoma ili nifaulu, sasa nataka kumsoma Yasmini.

Kuhusu ISBN, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ombeni kabla jalada halijaenda kiwandani. Namba zetu zinaanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912, za Kenya 978-9966 au 978-9914. Msikubali mtu akuuzie namba ya kuokota mtandaoni. Na mkichapisha, pelekeni nakala maktaba ya taifa kama sheria inavyotaka. Wengi wanalikwepa hili, halafu miaka ishirini baadaye mtafiti anaulizia kitabu chako hakuna ushahidi kwamba kiliwahi kuwepo.

Mtu wa Mkunazini

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nataka kusema la Gurnah, kwa sababu lilitugusa sana sisi wa Unguja.

Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Kila mtu hapa Mjini alikuwa anazungumza, barazani, msikitini, sokoni Darajani. Kijana wetu kazaliwa hapa 1948, kaondoka akiwa na miaka kumi na minane, leo dunia nzima inamtaja. Watu walitaka kumsoma. Watu wa kawaida wallahi, wauza duka, mabaharia, kina mama. Na hapakuwa na riwaya yake hata moja kwa Kiswahili. Paradise ilitoka 1994, ikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, na inahusu watu wetu, misafara yetu, bahari yetu. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka Mkuki na Nyota 2022. Kazi nzuri mno, Kiswahili kimekaa mahala pake, nilipoisoma nilisikia sauti za watu wazima wa mtaani kwetu.

Lakini ile siku ya Oktoba ilikuwa imeshapita. Hamu ya watu haingoji. Ndiyo nasema, Meza ya Vitabu kasema kweli: siku kitabu kinapozungumzwa, kitabu kiwe kinashikika.

Meza ya Vitabu

Sheikh, umenikumbusha wiki ile. Niliulizwa na watu wasiopungua, basi tuseme wengi, na nilichokuwa nacho ni nakala mbili tatu za Kiingereza zilizochakaa. Wakuu, hili lichukueni kwa uzito. Ukipata nafasi redioni asubuhi, mtangazaji akakuhoji vizuri, msikilizaji yuko kwenye daladala anataka kununua sasa hivi. Akisikia "kitapatikana hivi karibuni kwenye maduka yote ya vitabu," umempoteza. Akisikia namba ya simu, lipa namba, na kwamba kinatumwa kwa basi mkoa wowote leo jioni, amenunua kabla hajashuka. Usikubali mahojiano kabla nakala hazijafika mkononi mwako, hata kama mtangazaji ni rafiki yako.

Mchapaji Kariakoo

Na mimi nisemee kiwandani, maana lawama nyingi zinatuangukia.

Waandishi, msipange tarehe ya uzinduzi kabla hamjaona nakala ya majaribio. Kila msimu wa Sabasaba anakuja mtu hapa na faili usiku, uzinduzi keshokutwa. Gundi ya mgongo haikauki kwa maombi. Kitabu kikifungwa kwa haraka, mnunuzi akikifungua mara ya tatu kurasa zinadondoka, na atakayetukanwa ni mwandishi.

Jambo la pili. Mashine kubwa inapiga kwa karatasi inayokunjwa kurasa 16. Kitabu chako kikiwa na kurasa 196, ama upunguze zifike 192 ama tukupigie 208, na zinabaki kurasa tupu mwishoni. Zile tupu msiziache. Wekeni kurasa za mwanzo za riwaya yako inayofuata, na namba ya kuagizia. Msomaji aliyemaliza kitabu chako sasa hivi, moyo bado unamdunda, ndiye mteja bora kuliko wote utakaowahi kumpata.

Na kama huna uhakika na soko, anza na mashine ya kidijitali, nakala hamsini au mia. Bei kwa kila kitabu inapanda, lakini haulali na maboksi elfu moja sebuleni.

Kalamu ya Uyole

Hiyo ya kurasa tupu nimeichukua, ahsante sana mkuu wa Kariakoo. Yangu ina kurasa 214.

Sasa bei. Kiwandani nakala moja inanigharimu 5,500. Nimepanga kuuza 15,000. Duka moja la mjini limeniambia watachukua mali kauli, yaani wanilipe baada ya kuuza. Wengine wananiambia nishushe iwe 10,000 ili wauze haraka. Nifanyeje?

Meza ya Vitabu

Tupige hesabu pamoja. Maduka mengi yanakata kati ya asilimia 30 na 40. Tuseme 35. Kwenye 15,000 duka linabaki na 5,250, wewe unapata 9,750. Toa 5,500 ya kiwanda, umebaki na 4,250. Hiyo 4,250 ndiyo inalipa nauli, nakala za bure ulizowapa waandishi wa habari, boksi lililolowa mvua, na nakala ambazo hazitauzika. Ukishusha iwe 10,000, duka linakata 3,500, unapata 6,500, faida yako ni 1,000. Hapo unafanyia kazi duka. Ukiuza kwa mkono wako kwa 15,000 unabaki na 9,500. Usishushe. Mwenye kutaka kitabu atatafuta elfu kumi na tano, na asiyekitaka hatakichukua hata kwa elfu tano.

Mali kauli ikubali, ila kwa maandishi: nakala ngapi, bei gani, watalipa lini, na unaruhusiwa kuja kuhesabu rafu. Usipeleke nakala mia. Peleka kumi, zikiisha peleka kumi. Lipo duka nililowahi kuliamini kwa mdomo tu, na mpaka leo mwandishi wangu hajaona fedha wala vitabu. Duka zuri la kuanzia ni lile ambalo muuzaji wake anasoma. Nenda duka la TPH pale Samora, Dar, uone watu wanavyoulizana vitabu. Mkahawa wa vitabu unaoitwa Soma, pale Mikocheni, wao wana utamaduni wa kukaa na kusoma pamoja, mwandishi anakutana na wasomaji ana kwa ana. Mahali pa namna hiyo panakufaa kuliko duka kubwa linalouza vifaa vya shule na kuweka riwaya nyuma ya madaftari.

Msomaji Mtulivu

Mmeongea mengi mazuri lakini hakuna aliyetaja PDF. Wiki mbili baada ya kitabu kutoka, kinazunguka bure kwenye makundi. Mimi mwenyewe natumiwa riwaya ambazo sijaziomba. Mwandishi anajitangaza, watu wanampenda, halafu wanaipata bure. Inauma sana.

Binti Pangani

Inauma kuliko unavyodhani. Nimewahi kuiona simulizi yangu kwenye YouTube inasomwa na sauti ya mtu nisiyemjua, imetazamwa na maelfu, jina langu limefutwa.

Ninachofanya sasa: naandikisha kazi zangu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla sijaziweka popote, napiga picha za skrini za tarehe, na ninaripoti. Pia nimeanza kuisoma mwenyewe kwa sauti yangu, maana nimegundua wasikilizaji walikuwepo, ila nilikuwa nawaachia wengine. Na kwenye kundi langu nasema wazi kabisa: ukiigawa hii bure, sehemu inayofuata nitashindwa kuiandika kwa sababu nitakuwa natafuta kibarua kingine. Wengi wanaelewa. Kuna mama mmoja wa Muscat alirudisha elfu mbili zangu na salamu, akasema alikuwa ameisoma ya wizi bila kujua.

Meza ya Vitabu

Dada ameshajibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Nyongeza yangu ni ndogo: usimtumie mtu yeyote faili kamili ya kitabu, hata mhakiki, hata mgeni rasmi. Mpelekee karatasi. Mtu wa kiwandani pia mwambie afute faili akimaliza, au uisimamie mwenyewe.

Na tuzo tusizisahau, kwa sababu ni tangazo lisilolipiwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapokea riwaya, na hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoanza ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo fikiria hilo kabla hujakimbilia kiwandani. Msomaji wa kawaida hajui majaji ni nani, lakini duara la dhahabu kwenye jalada analiona kutoka mbali.

Kalamu ya Uyole

Wakuu, nimebadili mpango. Ukumbi nimeuacha. Lakini bado natamani siku moja ya kuitangaza rasmi, mama yangu aione. Nilifikiria Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani.

Meza ya Vitabu

Kaka, mama lazima aione, hilo halina mjadala. Mkalishe mbele.

Julai 7 ni siku nzuri kwa moyo lakini ngumu kwa mwandishi mpya. Tangu UNESCO walipoitenga mwaka 2021, siku hiyo viongozi wanahutubia, vyuo vina makongamano, na Dar ndiyo kilele cha Sabasaba. Hakuna chombo cha habari kitakachokuwa na nafasi ya riwaya ya kwanza kutoka Mbeya. Chukua Jumamosi ya wiki mbili baadaye. Wanahabari watakuwa wanatafuta habari.

Omba chumba maktaba ya mkoa. Alika walimu wa Kiswahili wa sekondari za jirani, waje na wanafunzi wanaopenda kusoma, si darasa zima lililolazimishwa. Alika mafundi, wauza mitumba, wauguzi wa zamu ya mchana. Mgeni rasmi awe mtu atakayekuwa amemaliza kukisoma kabla ya siku hiyo, na umwombe azungumzie mhusika mmoja tu kwa dakika tano.

Halafu usome wewe. Dakika kumi na mbili, simu ikupimie. Usichague maelezo ya milima na machweo. Chagua mahali watu wawili wanabishana na mmoja anaficha jambo. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, na kila mhusika umpe pumzi yake. Wakati wa mazoezi msomee mtu asiyekupenda sana, uone anaposhika simu, hapo pakate. Ukifika pale ambapo siri inataka kutoka, funga kitabu, sema ahsante, kaa. Usieleze kinachofuata hata mtu akikuomba.

Meza ya mauzo iwe mlangoni, bei imeandikwa kwa maandishi makubwa, lipa namba imebandikwa mahali pawili, na chenji iwepo. Anayeuza asiwe wewe. Wewe unasaini, unauliza jina linaandikwaje, unamsikiliza mtu. Andika namba za simu za wanunuzi kwenye daftari, kwa ridhaa yao. Riwaya ya pili itaanzia kwenye daftari hilo.

Kalamu ya Uyole

Nimepanga Jumamosi ya tarehe hiyo, saa tisa alasiri. Mhusika wangu anaficha barua ya marehemu mumewe, nadhani nitasoma pale mkwe wake anapoingia chumbani. Nakala nibebe ngapi?

Mchapaji Kariakoo

Hamsini. Na faili nitumie wiki hii, si wiki ya uzinduzi.

Mwalimu wa Changamwe

Ndugu wa Uyole, niwekee mbili, nitakulipa kwa simu. Zitafika Mombasa kwa basi la Tanga bila tabu. Moja ni yangu, nyingine ya maktaba ya shule.

Meza ya Vitabu

Hamsini zinatosha, na zikiisha kabla foleni haijaisha chukua oda na malipo papo hapo. Hizo mbili za Mwalimu zisaini mara nakala zikifika, uzitenge kwenye bahasha yake. Na ukurasa huo wa mkwe kuingia chumbani, ukiridhia, uweke hapa kwenye uzi tuusome kwanza.